Mama mbele, mimi nyuma

Tantine, salamu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, naishi Kampemba hapa Lubumbashi, nafanya hesabu katika kampuni ya malori. Mama yangu ana miaka 77. Ana sukari, ana presha, na miguu inavimba akikaa sana. Mwezi wa saba tunaenda Bruxelles, mdogo wangu anaolewa. Tutapanda uwanja wa Luano, tubadilishe ndege Addis Ababa, kisha usiku mzima hewani.

Nimeweka pesa miaka miwili ili nimnunulie Mama tiketi ya bizinesi, kwenda na kurudi. Mimi nitakaa nyuma, ekonomi. Nilitaka ajue siku ya safari tu, lakini kaka yangu akaropoka. Sasa Mama hataki. Kwanza aliuliza huko mbele atakaa na nani. Kisha akauliza bei. Nikamdanganya, nikataja nusu, na hata hiyo nusu ilimfanya ashike kichwa. Anasema hiyo ni minerval, karo ya shule ya wajukuu, ni mabati ya nyumba. Marehemu Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, tulikula shida baadaye, na Mama hajasahau hata siku moja. Baba mdogo naye anasema najionyesha wakati kaburi la Baba halijajengwa. Wiki ya pili hii Mama ananijibu "eee" na "apana" tu.

Nimlazimishe akae mbele, ama nirudishe tiketi? Nimechoka, Tantine. Kila mwezi nampeleka hospitali, akiugua nalala naye chumba kimoja. Nilifikiri angalau usiku ule mmoja kila mtu angepumzika mahali pake.

Mtoto wa kwanza, Kampemba

*

Mwanangu wa Kampemba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikakwama kwenye mstari wa mwisho. "Kila mtu angepumzika mahali pake." Hiyo ndiyo barua yenyewe, yale ya juu ni bahasha.

Ulilipia kiti cha Mama cha kulala, na papo hapo ukajinunulia masaa machache ya kuwa mbali naye. Sikulaumu hata kidogo. Anayemtunza mzazi mwaka baada ya mwaka huchoka hadi mifupani, na wanaomsifu kanisani hawamshiki zamu. Lakini mama aliyekulea miaka 44 anaisikia sauti yako hata usiposema neno. Alipouliza "nitakaa na nani?" wewe ulisikia swali la viti. Sidhani alikuwa anauliza habari ya viti.

Nikuambie yaliyonipata mimi. Marehemu baba yangu nilimpeleka India kutibiwa. Shirika moja la ndege, sitalitaja, lilimpandisha mbele peke yake kwa sababu ya mguu wake, mimi nikabaki nyuma. Nilifurahi! Nilikula, nikaangalia filamu, nikalala mdomo wazi. Kati yetu kulikuwa na pazia, nami nilijiambia mzee yuko kwa watu. Tuliposhuka nikamkuta midomo imekauka kama udongo wa mwezi wa tisa kabla ya mvua. Hukunywa maji, Baba? Akanijibu polepole, kwa sauti ya mtu anayeficha aibu: "Vile vitu vya pale mbele vinaonekana ni vya bei, na mfukoni nilikuwa na faranga zetu tu." Wahudumu walimpitia na sinia mara kwa mara, na kila mara alitabasamu akaweka mkono kifuani, hapana, asante. Walimsemesha Kiingereza, yeye alijua Kiswahili na Kisanga. Kitufe cha kumwita mtu hakukijua, choo aliona haya kukiuliza. Yote yalikuwa yamelipiwa, na baba yangu alivuka bahari na njaa kwenye kiti cha kifalme.

Tangu siku ile sikubali mzee kukaa peke yake upande wa pili wa pazia, hata kiti kiwe cha dhahabu.

Kisha kuna hili la Gécamines, ambalo umelipita mbio mbio. Hukuandika kama Baba alikuwa kada, yaani mmoja wa wakubwa wa kazi, kwa hiyo naamini hakuwa. Basi Mama yako ameishi umri wake wote katika mji wa klasi. Kambi za wafanyakazi huku, nyumba za makada zenye bustani kule. Hata treni ilikuwa na klasi zake, na mtu alijua behewa lake kabla hajafika gare. Mwanamke wa kambi aliyeingia pasipo pake aliulizwa, "Wewe mama, unatafuta nani?" Sasa wewe unamwambia, akiwa na miaka 77, aingie peke yake mahali pa makada, avue viatu mbele yao, na miguu imevimba. Halafu unashangaa kwamba anataja mabati!

Na hayo mabati si kisingizio. Mwaka 2003 kampuni ilipoanza kuwaachisha watu zaidi ya 10,000 kwa ile iliyoitwa "kuondoka kwa hiari", waliobaki na nyumba mgongoni walikuwa akina mama. Waliuza makaa, waliuza maandazi, walinunua unga kwa meka, kile kipimo cha sokoni, na kuugawanya kwa macho. Mtu wa namna hiyo ukimtajia bei ya tiketi, kichwa chake kinaigeuza kuwa magunia papo hapo. Usimwambie asihesabu. Kuhesabu ndiko kulikokusomesha.

Kwa hiyo usimlazimishe, na wala usiirudishe pesa yote bado. Kaeni pamoja, mahali popote mfuko utakapowafikisha.

Nenda kwa wakala aliyekukatia tiketi. Uende kwa miguu yako, ukae mbele yake, mambo haya hayamaliziki kwa WhatsApp. Mwulize bei ya mpango huu: Luano mpaka Addis Ababa nyote wawili ekonomi. Ni masaa kama manne, na kwa safari za kadiri hiyo mara nyingi wanatumia ndege nyembamba yenye njia moja katikati, ambamo kiti cha bizinesi ni kipana lakini hakinyooki kuwa kitanda. Unalipia upana na bilauri ya kioo. Addis Ababa mpaka Bruxelles, ule usiku wa masaa saba na zaidi, ndipo penye faida, na hapo mkae nyote wawili bizinesi, bega kwa bega. Kurudi mrudi ekonomi, ama bibi arusi na mume wake wakipenda wawalipie nyongeza. Wewe umekwisha kutoa yako. Kubadilisha tiketi kuna faini, na kila tiketi ina masharti yake, kwa hiyo wakala akuandikie jumla kwenye karatasi kabla hujasema ndiyo. Jumla ikizidi uwezo wako, basi ekonomi kwenda na kurudi, Mama kwenye kiti cha njiani na wewe ubavuni pake. Hatakufa. Wazee wengi wanafika hivyo na wanacheza ngoma kwenye arusi.

Mkipata bizinesi, uliza mpangilio wa viti. Kuna ndege ambamo kila abiria ana kijumba chake na jirani humwoni mpaka usimame. Omba viwili vya katikati vinavyogusana, la sivyo utakuwa umelipa mara mbili kujenga pazia lile lile. Akilala, mkanda uwe juu ya blanketi, wahudumu wauone wasimwamshe. Na umfundishe kitufe cha kuinua kiti kabla hajakihitaji, maana mzee aliyelala chali gizani na anataka choo hana subira ya maelezo.

Kiti cha magurudumu kiombe leo kupitia wakala, si asubuhi ya safari. Hakilipiwi, na mashirika mengi yanataka kuambiwa masaa 48 kabla. Atakataa, atasema yeye si kilema. Mwambie ni cha foleni, si cha miguu, maana uwanja wa Addis Ababa ni mkubwa na mji wenyewe uko juu zaidi ya mita 2,300, karibu mara mbili ya urefu wa Lubumbashi. Hata kijana akikimbilia mlango wa ndege pale anahema.

Sasa miguu. Watu wanadhani ukilala bizinesi damu haigandi. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: kusafiri masaa manne na zaidi bila kujongea kunakaribia kuongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, iwe kwa ndege, basi ama treni. Hatari yenyewe inabaki ndogo, karibu mtu 1 kwa kila 6,000, lakini kwa umri wake na uvimbe ule usiichezee. Kinachodhuru ni kutulia kama jiwe, na mtu anaweza kutulia kama jiwe hata juu ya kitanda. Kila akiamka, azungushe vifundo, mtembee pamoja mpaka chooni na kurudi. Zile soksi ndefu zinazobana, usinunue kabla ya kumwuliza daktari wake, kwa sababu si kila mwenye sukari anaruhusiwa kuzivaa. Mwende kwake mwezi mmoja kabla, na awaandikie dawa zote kwenye karatasi yenye muhuri.

Dawa zikae kwenye sakoshi mkononi, zote, na za siku kadhaa zaidi. Kama anajichoma insulini, isiingie kamwe kwenye valizi inayokwenda tumboni mwa ndege, huko inaweza kuganda kwa baridi na ikiganda imekufa. Chakula cha wenye sukari kinaagizwa siku kadhaa kabla, ukisubiri mpaka ndani ya ndege utaambiwa pole. Jambo moja litakupunguzia kazi: mwezi wa saba Bruxelles iko kwenye saa za kiangazi, ambazo ni sawasawa na saa za Lubumbashi. Saa ya Mama msiiguse kabisa. Addis Ababa iko mbele saa moja, lakini hapo mnapita tu, vidonge vimezwe kwa saa ya Kampemba.

(Ndugu wakisikia bizinesi ina kilo nyingi zaidi, watakuletea mizigo mpaka mlangoni. Samaki wakavu wanaingia Ulaya, mwisho kilo 20 kwa mtu. Nyama ya aina yoyote hapana, hata ikiwa imekaushwa na mama mkwe.)

Baba mdogo umjibu kwa heshima kwamba unangoja mfuko wake wa kwanza wa saruji ili kaburi lianze. Nadhani utangoja.

Yanayobaki ni wewe na Mama. Usiitishe kikao cha familia. Mngoje Jumamosi akiwa anachambua maharagwe, uchukue ungo ukae naye. Anza na uongo wako: "Mama, bei niliyokutajia ilikuwa nusu." Taja yote, kisha nyamaza umwache apige kelele. Kaka yako ameropoka mara moja, ataropoka tena, afadhali hiyo bei aisikie kwako. Kelele zikiisha, mwambie ule mpango wa kukaa pamoja, na umwulize yeye angependa kipi. Na umwulize pia habari ya treni, yeye na Baba walisafiri klasi gani, nani alikuwa behewa la mbele. Naweka dau kwamba wiki mbili za "eee" na "apana" zitaishia hapo.

Ule uchovu wako nao umwambie, bila kulia na bila kumfanya mzigo. "Mama, nimechoka, nahitaji siku zangu." Pumziko lako lipo, ila usilitafute hewani na mgonjwa wa sukari. Arusi ikiisha, Mama akae wiki nzima kwa binti yake wa Bruxelles, na wewe ukalale kwa rafiki, ama kwenye chumba cha bei ndogo, simu imezimwa. Mkirudi, hospitali ya mwezi wa nane na wa tisa ni ya kaka yako. Mdomo anao, tumsaidie apate na mikono.

Halafu fanya hili kabla hamjatoka nyumbani. Tia dola 20 katika sakoshi ya Mama, noti ndogo ndogo, safi, bila mpasuko hata wa kucha. Umwambie ni zake, hatatoa hesabu kwa mtu. Mkifika Addis Ababa mkisubiri ndege ya usiku, mwambie una hamu ya kahawa ya pale, na umwache yeye alipe.