Nimeambiwa nina RCH (rectocolite hémorragique, vidonda vya utumbo mpana): nile nini, na dawa nitameza hadi lini?

Swali

Docta, mimi ni mwalimu hapa Bukavu, ninaishi Kadutu, nina miaka 34. Karibu mwaka mzima nilikuwa naharisha damu na ute. Kila nilipopimwa choo waliniandikia amiba na kunipa Flagyl. Mwishowe ndugu walichanga pesa, nikavuka hadi Kigali, nikafanyiwa kolonoskopia (kamera ya kutazama utumbo mpana) na kukatwa vinyama vya kupima. Nilirudi na karatasi iliyoandikwa RCH, kwamba ugonjwa umeshika sentimita 25 za mwisho za utumbo. Nilipewa prednisoloni na mesalazini. Baada ya wiki mbili damu ilikata, nami nikaacha dawa zote, kwa sababu ni ghali na uso ulikuwa unavimba. Sasa damu imerudi. Mama mkwe amenikataza maharagi, sombe (kisamvu), maziwa, mayai na nyama. Ninakula wali mweupe na chai, nimeshuka kutoka kilo 61 hadi 52. Nyumbani wamenitengea sahani yangu peke yangu. Nile nini? Dawa hizi ni za maisha? Na zile dawa za miti za kuingiza kwa nyuma, zinasaidia?

Jibu

Mama, nianze na sahani, maana hiyo haihitaji dawa wala pesa. RCH haiambukizi. Haipiti kwenye sahani, kikombe, choo wala kitanda cha ndoa. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana na kuutia vidonda, kuanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka mahali. Msomee mama mkwe maneno haya, kisha urudi kula na wenzako. Hofu yake naielewa: amiba na kuhara damu kwa bakteria huambukizana kweli, na ndiyo magonjwa aliyoyaona tangu utoto wake.

Kuhusu huo mwaka mzima wa Flagyl, nataka wasomaji wengine pia wasikie. Amiba ipo kwetu, na anayeharisha damu lazima atafutiwe amiba kwanza. Shida ni kwamba kuna amiba mbili zinazofanana kabisa chini ya hadubini: moja inakula utumbo, nyingine inaishi humo bila kudhuru. Karatasi ikisema tu kwamba vifuko (sisti) vya amiba vimeonekana, bado haijathibitishwa kwamba ndiyo inayokutoa damu. Ushahidi mzuri ni amiba hai inayotembea, yenye chembe nyekundu za damu tumboni mwake, nayo huonekana tu kwenye choo kibichi kilichopimwa ndani ya nusu saa hivi. Kopo lililolala nyumbani tangu alfajiri halitufai. Mtu akimeza metronidazoli (ndiyo hiyo Flagyl) kwa kipimo kamili, siku 7 hadi 10, na damu ikaendelea, asirudie dozi ya tatu na ya nne. Atafutiwe sababu nyingine: bilharzia ya utumbo, kifua kikuu cha utumbo, maambukizi yanayofuata antibiotiki, au ugonjwa kama wako.

Hata sasa damu iliporudi, pima choo upya kabla ya kugusa prednisoloni. Aliye na RCH anaweza kupata amiba kama mtu mwingine yeyote, na prednisoloni ikikuta amiba haijatibiwa, utumbo unaweza kutoboka. Mwambie daktari wako akutibu pia minyoo ya strongiloidi kabla ya kuanza. Mdudu huyo huingia kwa miguu iliyokanyaga udongo bila viatu, hukaa kimya miaka mingi, na kinga ikishushwa na prednisoloni anasambaa mwili mzima. Aivamektini inammaliza.

Sasa dawa. Prednisoloni si ya maisha, na yeyote anayekuandikia mwezi baada ya mwezi bila mpango wa kuipunguza, muulize kwa heshima mpango wake ni upi. Kazi yake ni kuzima moto, yaani ugonjwa unapoamka. Kwa kawaida tunaanza na miligramu 40 asubuhi, na damu ikishakata tunashusha miligramu 5 kila wiki, hivyo inachukua karibu miezi miwili. Uso kuvimba ni madhara yanayojulikana na hupungua dozi inaposhuka. Kuikata ghafla ndiyo hatari, kwa sababu mwili ukipewa homoni hiyo kutoka nje unaacha kutengeneza ya kwake, nao unahitaji muda wa kuanza tena.

Mesalazini ni habari nyingine. Hiyo ndiyo inayolinda, na unaimeza ukiwa mzima, bila damu, bila maumivu, kwa miaka. Najua hapo ndipo pagumu: kununua dawa ya ghali kila mwezi kwa tumbo ambalo haliumi. Lakini wengi wanaoiacha hurudi palepale ulipo wewe leo. Wakati wa moto dozi ni gramu 2.4 hadi 4.8 kwa siku, na ya kulinda isipungue gramu 2. Unaweza kuimeza yote mara moja kwa siku, jambo linalomsaidia mtu anayetoka alfajiri kwenda kufundisha. Mara moja kwa mwaka pima figo.

Bei ikikushinda, usiache kimya kimya. Omba sulfasalazini. Ni ya zamani zaidi, kwa kawaida ni nafuu kuliko mesalazini, na kwa utumbo mpana inafanya kazi. Inaanzishwa taratibu, miligramu 500 mara mbili kwa siku, ikipanda kwa wiki moja au mbili hadi gramu 3 au 4, pamoja na asidi ya foliki. Usishtuke mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa. Asiimeze aliyewahi kutoka vipele vikali au malengelenge kwa Bactrim au Fansidar, kwa kuwa ni ukoo mmoja, wala mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambaye damu yake inaweza kuvunjika. Wanaume wajue kwamba inapunguza mbegu, lakini zinarudi dawa ikisimama.

Kwa ugonjwa wako wa sentimita 25 kuna njia bora ambayo hukuitaja, na nadhani hukuambiwa au uliona aibu: mesalazini ya kuingiza kwa nyuma. Supo (dawa ngumu inayoyeyukia ndani) hufika kama sentimita 15, ya maji hupanda hadi upande wote wa kushoto wa utumbo, kwa hiyo wewe inakufaa zaidi ya maji. Kidonge pamoja na dawa ya nyuma hushinda kila kimoja peke yake. Namna yenyewe ni hii: jioni nenda chooni kwanza, kisha lala kwa ubavu wa kushoto, goti la kulia likunjwe, ingiza ncha ya chupa taratibu, kamua, halafu baki umelala hivyo nusu saa. Siku za kwanza itakutoka mapema, kwa sababu utumbo uliovimba hauvumilii kubeba kitu. Endelea. Wengine hawaipati ya maji kwenye farmasi, basi supo ya gramu 1 kila usiku ni bora kuliko kukosa kabisa.

Dawa za miti za kuingiza kwa nyuma, hapana, mama. Humo mnatiwa pilipili, tangawizi, majani ya kila aina, na bomba la mpira linapita mikononi mwa familia nzima. Juu ya utumbo wenye vidonda hiyo inaunguza, inatoa damu, na inaweza kutoboa. Utakutana pia na watu watakaokuuzia sokoni vidonge vya kunenepesha, kwa kuwa umekonda. Vingi ni deksamethasoni, ndugu wa hiyo hiyo prednisoloni, bila kipimo na bila anayekufuatilia. Viache.

Chakula ndicho kinachonisikitisha zaidi katika barua yako. Kilo 9 hazikuliwa na ugonjwa peke yake, umenyimwa. Hakuna chakula kinachosababisha RCH na hakuna kinachoiponya. Kinachofanyika mezani ni kukupunguzia maumivu wakati wa moto, na kukujenga wakati wote. Utumbo unaovuja damu unapoteza protini, hivyo sasa unahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 52 ni kati ya gramu 62 na 78 kwa siku. Sahani ya wali ina kama gramu 8 tu, na chai haina kitu. Yai moja lina kama 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kinavuka 20. Sasa unaona ulivyokuwa unayahitaji mayai uliyokatazwa, na samaki pia.

Wakati huu wa damu, kula kidogo kidogo mara tano au sita badala ya sahani kubwa mbili. Wali, bugali laini wa muhogo, viazi vilivyomenywa na kupondwa, ndizi mbivu, karoti iliyoiva hadi inakatika kwa kijiko, yai la kuchemsha, kuku bila ngozi, samaki wa ziwani aliyechemshwa na kutolewa miiba. Uji wa sosoma (mtama, soya na mahindi) ni mzuri ukichujwa. Pilipili, kahawa na kasiksi (pombe ya ndizi) viweke pembeni kwa sasa. Havileti ugonjwa, ila vinakukimbiza chooni. Maji yakitoka sana, tengeneza lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, unywe siku nzima.

Maharagi hayajafutwa maishani mwako. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yapike hadi yapasuke, kisha yasukume kwenye kichujio kwa mgongo wa kijiko. Ganda linabaki juu, unga laini unashuka chini, na ganda ndilo linalokwaruza na kujaza gesi. Damu ikishakata wiki kadhaa, rudisha maharagi mazima kijiko kimoja, ngoja siku mbili, kisha ongeza. Sombe vivyo hivyo: iliyotwangwa hadi ikawa laini na kuchemka kwa muda mrefu inaingia vizuri kuliko lengalenga (mchicha) iliyokaangwa haraka haraka. Tumbo likitulia kabisa, kula mboga na matunda kwa wingi. Wengi wanabaki na woga wa mboga miaka mizima, na woga huo hauna faida yoyote.

Maziwa si adui wa RCH, ingawa watu wazima wengi wa kwetu hawamudu sukari iliyomo. Yaache wiki mbili uone. Kama hakuna tofauti, rudi kuyanywa. Kama kuna tofauti, jaribu mashanza (maziwa ya mgando) au jibini ya Masisi iliyokomaa, ambamo sukari hiyo imepungua sana. Sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) waliwao na mifupa yao watakupa kalsiamu unayoihitaji mifupa isiharibiwe na prednisoloni, lakini subiri damu ikate kwanza.

Pima damu pia. Mwanamke aliyevuja mwaka mzima huwa na upungufu wa chuma, na uchovu wako darasani huenda unatoka hapo zaidi ya kwenye utumbo. Hemoglobini ikiwa chini ya 10 au damu bado inatoka, chuma cha kuingiza kwenye mshipa kinafaa kuliko vidonge. Ukiumwa kichwa au mgongo meza parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni huamsha ugonjwa huu, na hapa mjini watu huzinunua kama peremende.

Ukienda choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, na pamoja na hayo una homa ya kuvuka 37.8 au moyo unapiga zaidi ya mara 90 kwa dakika, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku. Vivyo hivyo tumbo likivimba na kuwa gumu. Usimeze Imodium kuzuia kuharisha, kwani utumbo unaweza kupanuka na kupasuka. Hospitalini watakupa dawa kwenye mshipa, na siku ya tatu wanapaswa kupima kama inafanya kazi. Isipofanya, kuna infliximabu (dawa ya mshipani ya kutuliza kinga) au upasuaji wa kuondoa utumbo mpana. Upasuaji unatisha, lakini umeokoa watu wengi ambao dawa ziliwashinda.

Dawa zako ziwe na akiba ya mwezi mmoja nyumbani, kwa sababu mpaka ukifungwa au barabara ikikatika, wewe ndiye unayerudi kuvuja. Na ikiwa daktari ataona unahitaji azathioprini (dawa ya kushusha kinga) kwa kuwa prednisoloni haishukiki, kabla ya kuanza upimwe hepatiti B, VVU na kifua kikuu, na umwonyeshe ile kadi yako ya njano: chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, huchomwa kabla ya dawa hiyo, si baada. Kama huna, ichomwe sasa, kabla prednisoloni haijaanza tena, ikiwa damu unayotoa inaruhusu kusubiri wiki chache. Kama hairuhusu, mwombe daktari cheti cha kukusamehe chanjo ili usisumbuliwe mpakani.