Kabla Hujaigeuza Fleti Yako Kuwa Airbnb, Bisha Hodi kwa Jirani

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Bamburi aliniandikia ujumbe mrefu. Amechukua mkopo wa chama, amepanga fleti ya vyumba viwili, amenunua makochi, televisheni na mapazia, kisha akapiga picha na kuitangaza kwenye Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni wa siku chache. Wageni wake wa kwanza kutoka Nairobi wamezuiwa getini pamoja na watoto wao, jua la mchana likiwapiga. Askari alikuwa na barua ya kamati ya wakazi mkononi: Airbnb marufuku kwenye jengo hili. Anauliza kama anaweza kuishtaki kamati.

Dada yangu, kushtaki unaweza. Lakini nisikilize kwanza, kwa sababu barua kama hiyo iliwahi kubandikwa mlangoni pangu huku Nyali, Mombasa. Leo fleti yangu ina wageni, na kanuni zinazoiongoza zimetiwa sahihi na watu walewale waliotaka niifunge. Najivunia jambo hilo na sioni haya kulisema.

Fleti yangu niliinunua kwa mshahara wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Hakuna mume aliyeninunulia, wala sikurithi. Treni ya SGR, ile ya reli mpya kati ya Nairobi na Mombasa, ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, niliona mapema kinachokuja. Familia za Nairobi zilianza kushuka stesheni ya Miritini Ijumaa na kurudi Jumapili, na nyingi hazikutaka hoteli. Zilitaka jiko la kupikia uji wa mtoto, sebule ya kukaa na bibi, na mashine ya kufulia nguo zenye mchanga. Nikachukua leseni ya biashara ya kaunti, nikaweka kiyoyozi kila chumba, nikaanza. Mambo yakaenda vizuri sana.

Kisha ikaja Januari 2024. Wanawake wawili vijana waliuawa Nairobi mwezi huo, kila mmoja katika nyumba ya kukodi ya muda mfupi. Nchi nzima ilitikisika. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ikaagiza nyumba zote za aina hii zisajiliwe. Huku kwetu, kundi la WhatsApp la jengo letu liliwaka moto. Mtu mmoja aliandika kwamba kuna danguro kwenye ghorofa ya nne. Ghorofa ya nne ni mimi. Nina binti, na binti yangu alikuwa kwenye kundi lile. Wengine wakaweka alama ya dole gumba chini ya maneno hayo, akiwemo jirani ambaye kila Idi nampelekea sinia la biriani. Barua ya kuifunga fleti yangu ilipotoka, sahihi yake ilikuwa ya tatu. Mpaka leo tukikutana kwenye ngazi ananiambia "habari" huku anaangalia simu. Nimeshasema nimesamehe, na ninajitahidi iwe kweli.

Siku ya mkutano nilishuka na faili langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita: hati ya umiliki, leseni, risiti za ada ya huduma ambayo sijawahi kuichelewesha. Kelele zilikuwa nyingi, kila mtu anasema lake. Aliyenyamazisha mkutano ni mzee wa ghorofa ya kwanza, mwalimu mstaafu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia:

"Mwanangu, mimi sina neno na wageni wako. Nina neno na lifti. Treni ya usiku ikifika, saa kumi alfajiri nasikia masanduku yanaburutwa, sijui ni nani anapanda, na wajukuu wangu wamelala chumba cha mbele."

"Baba," nikamwambia, "nitajie yote yanayokukera, niyaandike."

Akayataja. Wengine nao wakaanza kutaja. Nikaandika mpaka karatasi ikajaa nyuma na mbele, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho wenzangu wengi wa biashara hii hawataki kukiona. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na Airbnb yenyewe. Ugomvi ulikuwa wa maji, maegesho, moshi wa bangi kwenye roshani, bwawa la kuogelea kujaa watu wasiojulikana, na muziki baada ya saa nne za usiku. Maji hasa. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima na Baricho, na mabomba yakikauka jengo zima linachangia lori la maji kwa mgawo sawa. Sasa fikiria mjane anayeishi peke yake, analipa sawa na fleti yenye wageni sita wa bara ambao kwa joto letu wanaoga mara tatu kwa siku. Ana haki ya kukasirika.

Nilichofanya wiki iliyofuata ni kuweka mita ya maji ya fleti yangu kwa gharama yangu. Hoja ya maji ikafa hapohapo.

Sasa upande wa sheria, kwa sababu najua ndiyo mnayoniulizia. Watu wanadhani leseni ni moja. Sheria ya Utalii ya 2011 inazitaja fleti za huduma, nyumba za kifahari za kukodi na nyumba za wageni miongoni mwa biashara za utalii zinazohitaji leseni ya mamlaka ya taifa. Hiyo ni ngazi moja. Halafu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti leseni za biashara, utalii wa eneo, mipango ya ujenzi, na pia udhibiti wa kelele na kero kwa umma. Kwa hiyo jirani akipiga simu kwa sababu ya muziki wa wageni wako, wa kuitikia ni kaunti, na leseni yako ya mamlaka ya taifa haitakukinga. Kuna Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inayosimamia kubadilisha matumizi ya jengo. Kuna tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mapato. Na kuna Sheria ya Sectional Properties ya 2020, yaani ya umiliki wa fleti mojamoja ndani ya jengo, ambayo chini yake wenye fleti wanakuwa wanachama wa shirika moja lenye kanuni zake. Someni kanuni hizo. Someni pia hati zenu za kumiliki au kupanga, kipengele cha matumizi. Ikiwa imeandikwa "makazi pekee", kamati imeshika mpini na wewe umeshika makali. Mahakama ya Mazingira na Ardhi itasikiliza kesi yako, lakini wakati inasikiliza, geti limefungwa na mkopo wa chama unadaiwa.

Ndiyo maana, dada wa Bamburi, nakuambia usianze na wakili. Anza na mwenye nyumba: je, mkataba wako unakuruhusu kupangisha wengine? Kama haukuruhusu, huna mguu wa kusimamia mbele ya kamati. Akikubali, akuandikie. Neno la mdomo halifai, hata kama ni mjomba wako. Kisha omba kikao, nenda na karatasi tupu na kalamu, uwaache waseme.

Kanuni tulizokubaliana sisi zilitoka kwenye karatasi yangu ile. Mgeni hakai chini ya usiku mbili, kwa sababu wa saa chache ndio waliotuletea jina baya. Wawili kwa kila chumba cha kulala. Jina na namba ya kitambulisho cha kila mgeni vinafika getini kabla yake. Anayefika na treni ya usiku anapokewa na mtu wangu, na masanduku yanabebwa. Bwawa linafungwa kwa wageni jioni. Namba yangu imebandikwa kwa askari, na nikipigiwa usiku napokea. Daftari la vitambulisho linafungiwa kabatini, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimruhusu mtu kuacha namba za watu zikizagaa mezani getini. Kamera ziko kwenye korido na getini tu. Yeyote anayeficha kamera chumbani kwa mgeni anastahili kufikishwa mahakamani, na mimi nitakuwa wa kwanza kutoa ushahidi.

Kanuni hizi si za kunakili kila mahali. Mwenzangu mmoja ana nyumba Mji wa Kale, ambako milango inatazamana, wanawake wanakaa barazani jioni, na ngazi moja inapita mbele ya majiko ya watu. Kule kikao kilihusu mavazi na sauti za wageni zaidi kuliko maji, na waliotoa masharti ni kina mama. Akayakubali, na sasa wale wale wanawauzia wageni wake mahamri na mbaazi za asubuhi.

Kuna jambo moja ambalo kanuni zetu hazikuligusa na linaniuma. Kwenye barabara yetu familia ya mwalimu wa shule ya msingi ilipewa notisi ili mwenye nyumba aweke wageni wa siku mbili. Walihamia Kiembeni, na watoto wakabadilishwa shule katikati ya muhula. Miji mingine imelishughulikia hili kwa ukali. New York, tangu Septemba 2023, mgeni wa chini ya siku 30 lazima akae nyumba moja na mwenyeji wake, na wageni wasizidi wawili. London ina kikomo cha usiku 90 kwa mwaka. Barcelona imetangaza kwamba ifikapo mwishoni mwa 2028 haitakuwa tena na leseni za fleti za watalii, na hizo ni zaidi ya 10,000. Sitaki Mombasa iige New York. Wengi wetu hatuna nyumba ya kukaa na mgeni, na msimu wa Desemba ndio unaolipa karo ya Januari. Lakini anayemtoa mpangaji wa miaka mingi ili avune msimu mmoja, huyo ndiye anayetuletea sheria kali sote. Fanyeni biashara hii kwa fleti iliyokuwa tupu, au mliyonunua kwa kazi hiyo. Msimng'oe mtu.

Na ninyi mnaojificha, msiosajili, mnaomwambia mgeni "ukiulizwa getini sema wewe ni binamu yangu", nawaambia wazi: mnatuharibia. Askari si mjinga, anajua huna binamu saba wanaobadilika kila wiki. Siku ikitokea maafa kwenye nyumba isiyo na daftari, polisi wataanzia wapi? Mungu aepushe. Nendeni mkasajili, na mkalipe kinacholipwa.

Mwaka huu nilichaguliwa kwenye kamati ileile iliyonibandikia barua. Mwezi uliopita mwenye fleti mpya ya ghorofa ya sita, anayeishi ng'ambo, aliomba ruhusa ya kuweka wageni. Picha zake ni nzuri kuliko zangu, na leseni zote anazo. Nilimuuliza ni nani atakayepokea simu saa nane za usiku hapa Mombasa. Akajibu kwamba wageni watafungua mlango wenyewe kwa namba ya siri, na tatizo likitokea wamwandikie. Nilipiga kura ya hapana. Amenuna, na amewaambia watu kwamba nalinda soko langu. Akileta jina la msimamizi wa fleti na namba inayopatikana usiku, kura yangu itabadilika siku hiyohiyo.