Kusamehewa kasamehewa, deni nalo?

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama Mkristo aliyeharibu mambo kwa uamuzi wa pupa anastahili kusamehewa akitubu. Kwangu hilo halina ubishi. Petro alimkana Bwana mara tatu na bado akakabidhiwa kondoo. Linalonikera ni jingine: akishasamehewa, hasara anaibeba nani?

Nasema hivi kwa sababu ya kinanda. Kwaya yetu, kwenye usharika mmoja wa Kilutheri huku Kilimanjaro, ilikuwa inachangisha fedha za kukinunua. Mnaoujua mnada wa baada ya ibada mnajua fedha ile inavyopatikana: mkungu wa ndizi wa bibi fulani unanunuliwa, unarudishwa, unauzwa tena, kuku amefungwa miguu anapiga kelele, mzee anapandishiwa dau na mkwewe mpaka anaona aibu kuacha. Elfu mbili mbili hizo zikafika laki nane, zikakaa kwenye simu ya mweka hazina, kijana wa sauti ya nne, mpole, pombe hagusi. Jumamosi moja jioni akazitia zote kwenye mkeka wa kubeti mpira. Timu tano. Nne zikampa, ya tano ikafungwa dakika za nyongeza, mkeka ukachanika. Alisema baadaye alitaka ziongezeke tupate na spika. Namwamini, na ndiyo maana inauma zaidi. Kesho yake asubuhi aliimba nasi, na besi yake haikutikisika hata kidogo.

Siri ilipotoka alisimama mbele ya usharika akalia, mchungaji akamshika mikono, tukaimba pambio, yakaisha. Jumapili iliyofuata yuko kwenye mstari wake. (Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alizuiwa Meza ya Bwana miezi na miezi, mpaka alipopangiwa siku ya kurudi kundini. Aliyempa mimba simsemi, maana hata kikao hakikumsema.)

Kwa hiyo nilianza barua hii nikiwa upande wa Zakayo, Luka 19: niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Alipe kwanza, machozi baadaye. Na kweli analipa, elfu kumi, elfu kumi na tano, mwisho wa mwezi. Ila juzi nimesikia kwamba mbuzi wa maziwa aliyeuzwa pale kwake alikuwa wa mkewe. Mama yule hajawahi kubeti maishani mwake.

Nikafungua Mathayo 18 nihakikishe ile ya kusamehe saba mara sabini, nikakuta mstari unaofuata tu unaingia kwenye hesabu za fedha: mtumwa anadaiwa talanta elfu kumi, bwana wake anaamuru auzwe yeye, mkewe na watoto. Mkewe! Nimesikia mahubiri mengi ya sura hiyo na sikumbuki mhubiri aliyesimama hapo.

Basi kikao cha kwaya kijacho nitapendekeza deni lililobaki lifutwe. Si kwa sababu kijana alilia vizuri, ni kwa ajili ya yule mama. Uweka hazina asirudishiwe, walau kwa sasa, na fedha zisikae tena kwenye simu ya mtu mmoja, hata ya mchungaji. Na kama akina bibi wenye ndizi watasema hapana, nitanyamaza. Mkungu ulikuwa wao; mimi nilitoa elfu mbili tu.