Kutazama ndege na marafiki siku ya mapumziko

Mara ya kwanza nilipowaalika marafiki kwenda mashambani kutazama ndege, tulikuwa watu tisa, tulifika jua limekwisha kupanda, na katika kutembea kwetu huku tukizungumza hatukuona ila kunguru na njiwa. Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja, nami nawasihi wenzangu walishike: nendeni watatu au wanne, fikeni alfajiri, kisha kaeni mahali pamoja.

Ndege huwa na pilikapilika nyingi mapema asubuhi, wanapoimba na kutafuta chakula. Jua likiwa kali, wengi hujificha vivulini na kunyamaza. Chagueni ukingo wa maji au mahali msitu unapopakana na uwanda, nanyi mlipe jua mgongo, maana ndege aliye kati yako na jua huonekana mweusi mtupu. Safari ya pili tulifanya hivyo, na baada ya kimya cha kama nusu saa mdiria alitua kwenye tawi lililoinamia maji, akazama, akaibuka na samaki, akampigiza tawini huku na huku hadi alipolegea, kisha akammeza kwa kuanzia kichwani. Hakuna kati yetu aliyethubutu hata kunong'ona.

Kwa anayeanza, darubini ya 8x42 inatosha, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za kipenyo cha milimita 42. Inayokuza zaidi hukuza pia mtikisiko wa mkono.

Kuonyeshana ndege ndiko kugumu. Sisi huuchukulia mti kama uso wa saa, lakini wasemaji wa Kiswahili lazima waelewane kwanza, kwa sababu anayesema "saa tatu" huenda anakusudia tarakimu ya 3, upande wa kulia, ilhali mwenzake anatazama mshale unapokuwa saa tatu asubuhi, yaani kwenye 9, upande wa kushoto, na hadi wakubaliane ndege ameshapaa.

Mkikuta kiota chenye mayai au makinda, ondokeni mara moja, hata kama picha ingependeza, kwani mzazi akikaa mbali kwa muda mrefu mayai hupoa. Wala sikubali kabisa watu wacheze sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu ili kuwavuta karibu: dume huacha kulisha makinda yake akaja kumsaka mpinzani asiyekuwapo.