Kwa nini wachumba wa hadithi za kifalme wanachelewa kuoana

Sababu kubwa ni biashara ya stori tu mkuu, harusi ikishafungwa hadithi imeisha, sasa studio ikitaka kuvuta mwendelezo lazima iwaache wawili hao kwenye uchumba. Mcheki Rapunzel wa Disney, filamu yake Tangled ilitoka 2010, harusi yenyewe tukaiona kwenye filamu fupi ya 2012, halafu 2017 wakaanzisha katuni ya vipindi vingi inayotokea hapo katikati kabla hawajaoana, na mwanzoni tu mpenzi wake Eugene anaposa na binti anakataa!! Ila namwelewa, mtu kafungiwa mnarani miaka yote hiyo leo ndo kwanza anaona dunia aingie ndoani haraka hivyo ya nini.

Pia watu walishaanza kulalamika kuhusu binti anayekubali ndoa na mtu wa jana, ndo maana Anna wa Frozen (2013) anaposwa na mwanaume aliyemjua siku hiyohiyo, dada yake anagoma kabisa, na jamaa kweli anakuja kuwa nyoka. Mpenzi wake wa pili, Kristoff, kamvisha pete kwenye Frozen ya pili ya 2019.

Zile za zamani wala hazikuwa na subira, kwenye hadithi ya mrembo aliyelala ya mwandishi Mfaransa Perrault (1697) binti anaamka, wanakula, wanafungishwa ndoa usiku uleule. Aurora, yule mrembo aliyelala wa filamu ya Disney ya 1959, naye ni kesi nyingine, kachumbiwa akiwa kichanga ili falme mbili ziungane, hapo mapenzi hayakuulizwa.