Sindano ya kulegeza mkono, na mazoezi tuache?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Ngamiani hapa Tanga. Baba yetu fundi cherehani, alipata kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia umejikunja na kukaza, ngumi haifunguki, kumwosha kiganja mpaka tuvutane na anaumia, kucha zishamchoma ndani na panatoa harufu. Daktari kashauri achomwe sindano ya kulegeza misuli. Bei imetushtua, sasa ami anasema tukishalipia hiyo mazoezi basi, maana nauli za kliniki zinatumaliza. Yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana na kuuguza. Kwa ami nasema kwa heshima zote, hapana. Kama mazoezi hayapo bora hiyo hela ya sindano msiitoe kwanza.

Kiharusi kimeumiza ubongo, zile breki zake juu ya misuli zimelegea, ndo maana mkono unapokea amri ya kujikunja muda wote. Dawa ya sindano ni botulinamu, wengi wanaijua kama Botox, inazuia ile amri isitoke kwenye neva kuingia kwenye msuli. Inaanza kufanya kazi ndani ya siku chache mpaka wiki mbili, inakolea kama wiki ya nne hivi, ikifika miezi mitatu inaisha na kwa kawaida hairudiwi kabla ya wiki 12. Hizo wiki katikati ndo mali yenyewe mliyoilipia! Msuli umelegea, sasa unyooshwe kila siku, avae kifaa cha kunyoosha kiganja masaa atakayopangiwa, na kama vidole vina uhai kidogo apewe kitambaa akishikilie huku mkono wa kushoto unakata, kazi anayoijua. Mkikaa tu utajikunja tena kama mwanzo.

Kumfungua ngumi msivute ncha za vidole jamani. Kunja kwanza kiwiko cha mkono, yaani pale panapovaliwa saa, kielekee chini taratibu, utaona vidole vinaachia vyenyewe, halafu toa dole gumba kuanzia shinani. Osha, kausha vizuri, kucha fupi. Na hicho kidonda kitibiwe wiki hii hii, maumivu yanazidisha kukaza, sawa na choo kigumu au maambukizi ya mkojo.

Kabla ya kulipa mwulizeni daktari kama kiungo chenyewe hakijaganda, maana kikishaganda sindano peke yake haikifungui. Kubalianeni lengo, mfano kiganja kioshwe bila maumivu, na tarehe ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya viungo, iwepo kabisa. Suala la nauli mwambieni wazi, amfundishe anayeshinda na baba nyumbani, kliniki iwe ya kukagua tu.

Baada ya sindano akianza kupaliwa, kumeza kwa shida au kupumua kwa tabu, hata kama wiki zimepita, msisubiri kliniki, mkimbizeni hospitali.