Kijani kimemeza mchoro wangu, nifanyeje?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Ntungamo, Uganda, na jioni najifunza kuchora. Nina turubai ya akriliki (rangi inayochanganywa na maji) ambayo bado sijaimaliza: shamba letu la matoke, barabara ya murram (changarawe ya udongo mwekundu), ng'ombe wanarudi zizini, na vilima kwa nyuma. Tatizo ni kwamba kijani chote kimekuwa kimoja. Vilima niliviongezea nyeupe, vikawa kama chaki. Pia rafiki amenipa tyubu za rangi za mafuta. Je, naweza kuwamalizia ng'ombe kwa hizo?

Jibu: Asante kwa picha, mwalimu mwenzangu. Barabara umeipanga vizuri, inalivuta jicho hadi zizini, kwa hiyo usifikirie kuanza upya. Kabla hujashika brashi, piga mchoro picha kwa simu, kisha uigeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Utaona migomba, malisho na vilima vyote vimekuwa kijivu kilekile. Aina za kijani unazo za kutosha. Zinachokosa ni tofauti ya mwanga na giza. Ukienda Kampala ukanunua tyubu nyingine za kijani, utarudi na tatizo lilelile.

Nashuku pia kijani chako kimetoka moja kwa moja kwenye tyubu, tena kile cha thalo, kijani kikali chenye ubuluu. Kile kina nguvu mno, tone moja linatawala paleti nzima, kile kibao cha kuchanganyia rangi. Kiweke kando kwa sasa. Changanya buluu ya ultramarini na oka, ile manjano ya udongo, upate kijani kizito cha vivulini. Ultramarini na manjano ya limau zitakupa cha juani. Kikizidi kuwaka, kitulize kwa nyekundu kidogo sana, ncha ya brashi tu.

Sasa nenda shambani ukaitazame migomba yenyewe, maana nadhani umeichora kwa kumbukumbu. Jani lenye jua nyuma yake huwaka kijani cha manjano. Jani hilohilo likipigwa na mwanga kwa juu huakisi anga, likawa la kijivu-buluu, karibu jeupe. Shina lina mabaka meusi na ya kahawia, majani makavu yamening'inia kando yake, na chini kuna matandazo. Tazama vizuri: sehemu kubwa ya shamba la matoke si kijani hata kidogo! Ukiweka hayo makahawia mahali pake, na ukaacha wekundu wa murram uchungulie hapa na pale kati ya majani, kijani kilichobaki kitapumua bila kukiongezea chochote.

Vilima viliharibika kwa sababu nyeupe peke yake hupausha rangi bila kuisogeza mbali. Nyeupe yako iongezee buluu na chembe ya nyekundu, kisha punguza tofauti kati ya upande wa jua na wa kivuli. Matuta ya mashamba usiyachore yote. Mistari miwili mitatu inatosha, jicho litamalizia. Ila amua kwanza ni msimu gani. Mvua ikishanyesha hewa husafika, vilima vikaonekana vya karibu, tena vya giza. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, kwa vumbi na moshi, vilima hufifia kabisa. Kwenye picha yako barabara ni kavu, na vumbi liko kwenye kwato, lakini vilima vina tofauti kali ya jua na kivuli, kama vya siku ya mvua. Vififishe kwa mchanganyiko huo wa buluu, si kwa nyeupe tupu.

Kuhusu ng'ombe: rangi ya mafuta juu ya akriliki inakubalika, mradi akriliki imekauka kabisa na haijawekwa nene wala kung'aa. Kinyume chake ni marufuku, akriliki juu ya mafuta hubanduka. Lakini mimi nisingefanya hivyo hapa. Mafuta hung'aa tofauti na akriliki, na ng'ombe watajitenga na kila kilicho karibu nao. Wamalizie kwa akriliki. Yule wa bihogo, yaani mwenye rangi ya kahawia nyekundu iliyokolea, mpe kahawia nyekundu yenye ultramarini kidogo kivulini, wala usitumie nyeusi ya tyubu. Pembe usizipake nyeupe tupu. Zikiwa mbele ya anga la jioni, anga ndilo lenye mwanga zaidi, na pembe huwa nyeusi kuliko unavyodhani. Mwangaza uwe ukingo mwembamba tu upande wa jua.

Hizo tyubu za mafuta zianzie kwenye turubai mpya. Tabaka la kwanza lifanye jembamba kwa tapentaini, na mafuta ya kitani uyaongeze kadiri unavyopanda juu, kwani tabaka la chini likiwa na mafuta mengi kuliko la juu, la juu litapasuka. Rangi hii hukauka kwa kuvuta oksijeni, hivyo ipe siku kadhaa kati ya tabaka na tabaka, zaidi wakati wa mvua, na turubai usiiegemeze kwenye ukuta wenye unyevu.